Waya Nilioukata Nyumbani kwa Mama Mwende

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na kila nikiikumbuka huanzia mbali, kwenye barabara iliyonifikisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Bendi niliyoipigia besi kule Loitokitok ilikuwa imevunjika kwa sababu mwimbaji wetu na mpiga gita la solo walimpenda dada mmoja, nasi wengine tukabaki na hoteli isiyotutaka tena. Nikalifunga gita langu kwa blanketi nikapanda lori la nyanya. Tuliteremka hadi Emali mlima ukiwa nyuma yetu, mweupe kichwani, na kila nikigeuka niliuona uleule, kana kwamba hatuendi popote. Pale Emali nilishinda kutwa nzima kwenye kituo cha mafuta kabla dereva mmoja wa lori tupu hajakubali kunibeba hadi Athi River. Kutoka hapo nilitembea kwa miguu, gita begani na vumbi la simenti midomoni, nikaingia Kitengela kama saa kumi hivi alasiri.

Kwa nini Kitengela? Niliambiwa kwamba watu walikuwa wakinunua ploti huko kila siku, na kila familia kumi zikishajenga zinafungua kanisa la mabati, na kila kanisa linataka mpiga besi. Maneno hayo hayakuwa mbali na ukweli. Siku hizo ukitembea kidogo nyuma ya maduka ulikuta nyumbu wakila nyasi. Leo hapo pana ghorofa na nguo zimeanikwa madirishani. Nikipita nikiwa kwenye gari hugeuza macho upande wa pili, kwa maana mimi ni mtu wa kupenda mahali kama nilivyopaacha.

Jina langu ni Kyalo. Kwetu Ukambani jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa safarini, na mama yangu alisema baadaye kwamba afadhali angeniita jina lingine, labda ningetulia. Mtu aliyenipa mahali pa kutulia Kitengela ni Mzee Ndirangu, fundi wa redio na vyombo vya makanisa. Alikuwa ametoka Nyeri zamani akanunua robo ekari, na kibanda chake cha mabati kilijaa spika zilizofumuliwa matumbo. Nilimkuta ameinama juu ya kaseti.

"Unajua kuchoma solda?" akaniuliza.

"Kidogo, mzee."

"Kidogo ya kushika waya, ama kidogo ya kuchoma vidole?"

Nikamwonyesha vidole vyangu, vyenye makovu ya chuma cha moto cha kuungia nyaya. Akacheka, akanisogezea stuli. Nikakaa kwake karibu miaka miwili, na kwangu mimi huo ni muda mrefu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Upande wa barabara ya kwenda Isinya aliishi mama mmoja mjane, Mama Mwende, Mkamba kama mimi. Mumewe, marehemu Musyoki, alikuwa mpiga besi hodari. Alipofariki, mke wake alikichukua kikuza sauti chake, lile sanduku kubwa la amplifaya lenye spika ndani, akalifunika kwa gunia na kuliweka stoo pamoja na mahindi. Likalala humo miaka sita. Kila msimu mahindi yaliponyunyiziwa dawa ya dumuzi, na sanduku nalo lilinyunyiziwa. Juu yake palikaa debe la mbaazi.

Mwaka huo binti yao, Mwende, alikuwa anaolewa na kijana Mmaasai wa Kajiado, mwalimu, mtu mpole sana. Musyoki alikuwa amesema wakati wa uhai wake kwamba siku binti yake atakapoolewa, besi ataipiga yeye. Basi Mama Mwende akaja kibandani na ombi moja tu: sauti ya Musyoki isikike kwenye harusi, hata kama vidole ni vya mtu mwingine. Mzee Ndirangu akanielekeza kidole. Vidole vingekuwa vyangu. Mwanangu, sidhani kama nimewahi kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mzee alikuwa anasafiri kesho yake kwenda Oltepesi kufungia kanisa moja sola. Kabla hajaondoka aliniambia polepole, kama mtu anayempa mtoto dawa, "Usiiwashe. Kitu imelala miaka sita haiamshwi kwa kuchomekwa kwa ukuta. Ngoja nirudi Jumatatu tuifungue tuone ndani."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa hodari sana wa kusema ndiyo.

Jumamosi mchana vijana wa kwaya walikuja kwa Mama Mwende kufanya mazoezi. Walileta spika zao na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, wakaiweka sebuleni na kuichomeka kwenye soketi ya huko. Mimi nikalitoa sanduku la Musyoki stoo, nikaliweka varandani, nikalichomeka kwenye soketi ya jikoni kwa waya mrefu. Nikavuta kebo kutoka kwake hadi kwa mikisa. Nikawasha.

Kelele zilikuwa za kila namna. Nikigusa nobu, kile kirungu cha kuzungusha sauti, sanduku linakwaruza kama mtu anayekaanga njugu. Nikipiga nyuzi nene, kitu kinatetema ndani ya sanduku. Na chini ya yote palikuwa na mngurumo usiokoma, mmmm, mzito, unaoingia mpaka kwenye meno.

"Kyalo, hiyo ni besi ama ni posho mill?" kijana mmoja wa ngoma akauliza.

"Leta mahindi tusage!" mwingine akadakia.

Hata Mwende, bibi harusi mwenyewe, alicheka hadi akashika ukuta. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kucheka kwa msichana mbele ya wavulana wengine kulinichoma kuliko solda.

Nikakumbuka jambo nililoliona Taveta, kwa mpiga besi mmoja niliyemwona bingwa. Nikachomoa plagi, nikaifungua kwa bisibisi, nikaukata ule waya wa kijani na manjano, waya wa ardhi. Nikaifunga plagi, nikairudisha ukutani. Mngurumo ukatoweka. Kimya kabisa! Vijana wakapiga makofi. Yule wa ngoma akaniita profesa, nami nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa, huku nikizimeza zote.

Tulipiga nyimbo mbili. Kisha Mama Mwende akatoka jikoni. Alikuwa amemaliza kupiga deki varanda, miguu haina viatu, mkononi ana kitambaa kibichi. Aliona vumbi la miaka sita juu ya sanduku la mumewe. Akainama kulipangusa.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonirudia. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyeinua mzigo mzito, mkono ukang'ang'ania ule ukingo wa chuma, kisha umeme ukamwachia akarushwa ukutani, akateleza akakaa chini. Niliruka nikachomoa waya jikoni. Tulimpeleka zahanati. Daktari akasema moyo uko sawa, apumzike, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na aliushika kwa ule mwingine kama mtoto aliyelala.

Tuliporudi nyumbani, jirani mmoja aliyekuja kumpa pole, Mama Shiru, akasema kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia, "Huyo ni Baba Mwende. Hataki."

Lazima nikueleze. Musyoki, Mungu amrehemu, alipenda mzaha, na zamani alikuwa amesema mbele ya watu kwamba binti yake hatapelekwa kuamkia ng'ombe, yaani kuolewa kwa Wamaasai. Watu walicheka siku hiyo. Sasa hakuna aliyecheka. Mama Mwende alilitazama lile sanduku, akautazama mkono wake, akasema, "Amenishika mkono. Amenikataza."

Na mimi, niliyejua ni nani aliyemkataza na kwa bisibisi gani, nikanyamaza.

Nilinyamaza Jumamosi. Nilinyamaza Jumapili kanisani, walipomwombea. Mwende alikuja akaketi nyuma ya kanisa peke yake, macho yamevimba, maana mama yake alikuwa ameamua kwamba wazee wa Kajiado wakija Jumanne ataiahirisha harusi, na kuahirisha namna hiyo kila mtu alijua maana yake ni kuivunja. Nilimwona. Nikaenda kula kwa mama yake, kama kawaida ya Jumapili.

Jumatatu Mzee Ndirangu akarudi, na sanduku likaletwa kibandani. Hakuanza na sanduku. Alianza na plagi. Aliifungua, akaitazama kwa muda, akanionyesha ncha ya ule waya wa kijani na manjano.

"Hii imekatwa sawasawa," akasema. "Panya hana makasi."

Akaiweka juu ya meza, akafungua sanduku lenyewe. Ndani mlikuwa na vumbi jeupe la dawa ya dumuzi, punje za mahindi, na nyumba ya nyigu, ya udongo, imeshikana nyuma ya spika. Ndiyo iliyokuwa ikitetema. Na pale waya wa umeme unapoingia, panya walikuwa wameguguna ngozi yake hadi shaba ikaonekana, umbali wa unywele na bati la sanduku.

"Unaona hapa?" akaniambia. "Besi ikipiga, sanduku inatetemeka, waya inagusa bati. Sasa bati yote iko na umeme. Ile ya kijani ingekuwa hapo, umeme ungepitia kwake, fyuzi ichomeke, kila kitu kizime. Mama angekuta sanduku baridi. Lakini haikuwa hapo, ikabidi umeme upitie kwa mama."

Nikatazama sakafu.

"Na ule mngurumo," akaendelea, "kabla ya kukata, ulichomoa kebo ya mikisa ukasikiza?"

"Hapana."

"Ulijaribu kuchomeka vyote viwili kwa soketi moja?"

"Hapana, mzee."

"Kwa hivyo kitu ilikuwa inakuambia mahali iko mgonjwa, wewe ukaifunga mdomo." Akapangusa bisibisi kwa suruali yake. "Mimi nitafanya kazi yangu leo. Yako sijui utaifanya saa ngapi."

Hakunipigia kelele. Hakusema atamwambia mtu. Hayo tu, kisha akawasha redio kusikiliza habari. Mwanangu, afadhali angenichapa.

Jumanne wazee watatu walifika kutoka Kajiado, wakiongozwa na baba yake bwana harusi, mzee mrefu wa shuka nyekundu na koti la suti. Tukasalimiana kwa Kimaa, "Sopa," "Epa," wakapewa chai. Mama Mwende aliketi na mkono wake mapajani. Akaanza kusema kwamba wamekuja kwa heshima na yeye anawaheshimu, lakini kuna jambo limetokea, na mwenye nyumba hii, ijapokuwa hayupo, amesema neno lake...

Nikasimama.

"Si yeye, mama," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote, kuanzia kicheko cha vijana hadi makofi. Nilitoa mfukoni ile plagi, niliyoifungua kutoka kwenye waya kibandani, nikaiweka mezani kati ya vikombe. Hakuna aliyeigusa. Mzee wa Kajiado aliinama akaitazama kama mtu anayetazama jino la ng'ombe, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Kwetu ng'ombe akipiga mtu teke, hatuendi kuuliza marehemu. Tunauliza nani alifunga kamba vibaya."

Mama Mwende hakucheka. "Kwa hivyo Musyoki hajakataa?"

"Hajakataa, mama."

"Kuja hapa."

Nikaenda. Akanishika sikio kwa mkono wa kushoto, akalivuta mpaka uso wangu ukawa karibu na wake. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Siku tatu naongea na mtu amekufa, namuuliza nimekukosea nini. Siku tatu! Na wewe uko hapo unakula ugali yangu?"

"Nisamehe, mama."

"Sitakusamehe leo. Enda utengeneze hiyo kitu. Wewe mwenyewe. Kwa macho yangu."

Basi tukalirudisha sanduku kwake, nikalitengeneza varandani, Jumatano na Alhamisi, yeye ameketi kwenye kiti cha kamba akinitazama, na Mzee Ndirangu kando yake akinielekeza kwa maneno bila kuinuka. Alinionya kwanza nisiingize mkono ndani ovyo hata kama plagi imechomolewa, kwa maana mle ndani kuna vitu vinavyotunza umeme baada ya kuzima, akanionyesha jinsi ya kuuondoa. Nikabadilisha waya ulioliwa na panya. Nikarudisha waya wa ardhi na kuubana sana. Nikatoa nyumba ya nyigu, nikakaza skurubu zote zilizolegea. Nikapuliza vumbi, nikanyunyiza dawa ya kusafishia kwenye kila nobu na kuizungusha kushoto kulia mara nyingi, kisha nikachomeka na kuchomoa kebo kwenye kila tundu mpaka kutu ikatoka. Hayo hufanyika sanduku likiwa limezimwa, si likiwa limewashwa.

Ndipo tukawasha na kuanza kuuliza maswali, moja moja. Chomoa gita: je, kelele ipo? Haipo sana. Zungusha sauti: je, inafuata? Badilisha kebo. Sasa unganisha mikisa. Mngurumo ule ukarudi! Nilimtazama Mzee. Nikauchomoa waya wa jikoni, nikavichomeka vyote viwili, sanduku na mikisa, kwenye soketi moja ya sebuleni. Mngurumo ukashuka ukawa mnong'ono tu, kitu ambacho ukipiga nyuzi hukisikii tena. Ni hilo tu, mwanangu. Hatua kumi kutoka jikoni hadi sebuleni. Ndizo nilizoshindwa kutembea.

Mzee akapima bati kwa testa yake, kile kifaa cha kupimia umeme, akaitikia kwa kichwa. Lakini Mama Mwende aliingia jikoni akatoka na kitambaa kibichi.

"Vua viatu," akaniambia.

Nikavua. Nikasimama kwenye sakafu aliyoimwagia maji kwa mkono wake mwenyewe. Sanduku lilikuwa limewashwa.

"Panguza."

Nilijua limepona. Nilikuwa nimelifunga mimi, na Mzee amelipima. Hata hivyo mkono wangu ulichukua muda kufika. Nikalipangusa lote, juu na pembeni, ukingo wa chuma mpaka pembe za mwisho. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, ule ule, akauweka juu ya sanduku, akauacha hapo.

"Sasa piga," akasema. "Piga kama yeye."

Sikuweza kupiga kama yeye, lakini Jumamosi ile nilipiga nilivyoweza, chini ya turubai, Wamaasai wakiruka upande mmoja na wanawake wa Ukambani wakitingisha mabega upande mwingine, na Mwende katikati amevaa gauni jeupe na shanga shingoni. Mama yake hakucheza. Aliketi karibu na spika, macho amefumba.

Wiki iliyopita, hapa Narok ninapokaa sasa, nilimsikia kijana akimwambia mwenzake, "Kata tu ile ya kijani, itanyamaza." Nilimzuia, akaniona mzee msumbufu. Nina miaka arobaini na sita, mvi bado ni za kuhesabu, lakini nikakubali kuwa mzee kwa siku hiyo. Na wewe nakuambia hivyo hivyo. Ukitoa chombo mahali kilipolala muda mrefu, usikiamshe kwa haraka. Kifungue kwanza, au mpelekee anayejua kufungua. Kikinguruma, usitafute namna ya kutosikia. Tafuta mahali sauti inapotoka, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na waya wa ardhi usiuguse kamwe, hata dunia nzima ikikucheka. Lakini zaidi ya hayo, ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Umeme ulimshika Mama Mwende muda wa kupumua mara moja. Kimya changu kilimshika siku tatu, na binti yake pia.

Mimi miguu yangu ilianza kuwasha tena mwaka uliofuata ile harusi. Nilisikia kwamba Namanga kuna bendi inatafuta besi, na nikajua kwamba nikiondoka sitarudi kukaa; najijua. Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa Mama Mwende. Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuuliza ninaenda wapi. Alisimama, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema kwa Kikamba maneno ya mama kwa mtoto anayesafiri, kisha akasema kwa Kiswahili, "Nilikusamehe siku ya harusi. Nilisahau kukuambia." Kibandani Mzee Ndirangu alikuwa na solda mkononi, akanipa kiwiko nikishike, akarudi kwenye redio yake kabla sijafika barabarani.

Nami sina mikono ya kukufikia hapo ulipo, mwanangu, lakini chukua haya. Mungu akupe masikio ya kusikiliza kabla ya kukata. Akupe watu watakaokuvuta sikio na bado wakulishe. Kazi ya mikono yako isimdhuru mtu yeyote anayeigusa akiwa na upendo. Na kila nyumba utakayoiacha nyuma yako, uiache mwenye nyumba amekusamehe, na wewe umelisikia neno hilo kutoka kinywani mwake.